Jumamosi ya watoto wetu imechukuliwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu kutoka huku Uyole, Mbeya, ambako saivi baridi imekaza mpaka asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua nitakuwa mrefu, ila nakuomba usinikate sana mana hili jambo la watoto wetu kukosa muda wa kufundishwa dini limenikaa moyoni zaidi ya mwaka na nimeshaliongea kanisani, sokoni na nyumbani, bado naona halijafika panapotakiwa.

Mi ni mama wa watoto wanne, nauza mchele na viazi sokoni, na Jumapili ni mwalimu wa shule ya Jumapili na wa darasa la kipaimara, yani la kuwaandaa watoto kuthibitisha imani yao, kwenye ushirika (kanisa la mtaa) mmoja wa Moravian. Nafundisha kwa kujitolea, mwaka huu ni wa kumi na tisa. Sijasomea chuo cha theolojia, nimefundishwa na semina za wilaya na watoto wenyewe. Nasema hivi ili msomaji ajue naongea kama mtu anayeshika chaki, wataalam wapo na nawaheshimu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwaka jana mwezi wa pili tulifungua darasa la kipaimara, daftarini kulikuwa na watoto 41. Siku yetu tangu enzi za waliotutangulia ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwezi wa tatu wakawa thelathini na kitu, mwezi wa nne ishirini, mwezi wa tano Jumamosi moja nikafika na chaki zangu nikakuta watoto sita wamekaa kwenye benchi la mbele wamejikunyata. Nikajua ni mvua. Jumamosi iliyofuata jua kali, watoto saba. Ndo nikaanza kupita nyumba kwa nyumba jioni nikishafunga biashara, kuuliza. Nyumba ya kwanza, tusheni. Ya pili, tusheni. Ya tatu mtoto yuko kambi ya mtihani wa darasa la saba, wanalala hukohuko shule mpaka Jumamosi jioni. Ya nne kahamishiwa bweni Iringa, atarudi mwezi wa sita. Nyumba moja mama mtu, ambaye tumekua naye kwaya moja na namheshimu sana, akaniambia hivi bila ubaya wowote: "Mwalimu, dini ipo tu siku zote, hesabu ndo haisubiri."

Hayo maneno yalinikosesha usingizi, kwa sababu huyu mama hajaacha imani, Jumapili haikosi, fungu la kumi anatoa, akiumwa mtoto anakesha anaomba. Anampenda Mungu kabisa. Ila kichwani mwake dini imekuwa kitu kilichopo tu kama mlima Loleza, hakihitaji mtu kukifundisha wala kutengewa saa. Na nikisema ukweli hata mimi kwa wanangu wa kwanza nilifanya vilevile, niliwapeleka tusheni nikajisemea haya ya Mungu wataokota njiani.

Watu wengi wakiongelea maendeleo na dini wanasema usasa unaua dini. Mi huku kwetu sioni hivyo. Pita Jumapili kuanzia Uyole mpaka Mafiati usikilize spika, kila baada ya hatua chache kuna ibada, kuna makanisa kwenye majengo makubwa, kuna mengine kwenye turubai na mabati, msikitini Ijumaa watu wanajaa mpaka nje. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti ya nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kwetu zaidi ya watu tisa katika kila kumi walisema dini ni jambo muhimu sana kwenye maisha yao. Ujerumani, walikotoka wamisionari waliotuletea sisi Injili, ilipofika 2022 waumini wa makanisa yale makubwa mawili, Katoliki na Kiinjili, walikuwa wameshuka chini ya nusu ya wananchi wote. Kwaiyo usasa haufanyi kazi ileile kila mahali. Kule umewatoa watu kanisani. Huku kwetu kanisani wamo, wamejaa, ila ule muda wa kukaa chini mtu mzima na mtoto wakafundishana wanachokiamini ndo umemomonyoka taratibu mpaka sasa hivi tunabaki na watoto wanaojua kuimba mapambio yote na hawajui Mwana Mpotevu alipotea kwa nini.

Niwaambie mi nilifundishwaje. Nililelewa na bibi huko Rungwe, miaka ya themanini, umeme hamna, kuna kibatari na moto wa jikoni. Jioni tunamenya ndizi za kupika, sisi wajukuu sita tumeuzunguka moto, bibi anasoma lile neno la siku. Sisi Wamoravian tuna huo utaratibu wa neno la kila siku, ulianzia Herrnhut Ujerumani, na kitabu chake cha kwanza kilichapishwa 1731, watu wanausoma mpaka leo dunia nzima siku moja neno moja. Bibi hiyo historia alikuwa haijui. Alichojua ni kwamba akimaliza kusoma anatuuliza kwa Kinyakyusa, neno la jana lilisemaje? Ukishindwa hupigwi, unapewa ndizi ya ziada umenye wakati unakumbuka. Alafu anatafsiri kwa mambo ya hapohapo nyumbani, kama jana mmegombana kwenye maziwa basi Kyala, yani Mungu, anasema nini juu ya maziwa. Hakuna aliyeita hilo somo. Ilikuwa jioni tu. Na shuleni Alhamisi kulikuwa na kipindi cha dini, anakuja mwinjilisti na baiskeli yake, Wakatoliki wanaenda kwa katekista wao, Waislamu wachache waliokuwepo wanaenda kwa mwalimu wao, tunagawana madarasa hakuna ugomvi.

Ukirudi nyuma zaidi shule na dini huku nyanda za juu vilikuja kwenye mfuko mmoja. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891, Walutheri wa Berlin walifika eneo letu mwaka huohuo, na mtu aliyetaka kujua a e i o u aliijulia kwenye benchi lilelile alilojifunzia amri kumi. Mwalimu alikuwa mmoja. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ikazichukua shule nyingi za makanisa, na sababu yake ilikuwa ya haki, mtoto wa Kiislamu au wa mtu asiye na dini asinyimwe nafasi au kubadilishwa dini ili asome. Sina ugomvi na uamuzi ule, hata bibi alikuwa anasema Nyerere alifanya vizuri hapo. Na Katiba yetu ibara ya 19 inasema wazi kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu na shughuli za jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake serikali imetuachia sisi wenyewe hii kazi. Tatizo ni kwamba sisi tuliendelea kuishi kama vile bado shule inatufanyia. Tulibakiwa na kile kipindi kimoja kwa wiki, mwinjilisti kazeeka, baiskeli imekufa, hakuna aliyechukua nafasi yake, na shule nyingi kile kipindi saivi kipo kwenye ratiba ukutani lakini ukienda unakuta watoto wanafanya marudio ya sayansi. Simlaumu mwalimu mkuu, na yeye anapimwa kwa ufaulu. Darasa liko tupu halina mwalimu wa dini afanyeje?

Hebu muangalie mtoto wa leo hapa mjini. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, anarudi saa kumi na moja jioni amechoka, anakula, homuweki mpaka saa tatu usiku, akipata nusu saa ni katuni au simu ya mama. Jumamosi tusheni. Jumapili shule ya Jumapili dakika arobaini, na hizo dakika arobaini nusu yake ni mazoezi ya wimbo kwa sababu wazazi wanapenda kuona watoto wamevaa sare wanaimba mbele. Nimepiga hesabu ya darasa langu mwenyewe, mtoto ambaye hakosi anafundishwa neno kama dakika ishirini kwa wiki. Bibi yangu hizo dakika alizimaliza ndani ya siku mbili tu.

Na msione ni la Wakristo peke yetu. Jirani yangu ni ustadhi, amefundisha madrasa hapa mtaani miaka mingi, watoto wake na wangu wamekua pamoja. Zamani mida ya saa tisa alasiri watoto wakitoka shule ulikuwa unawasikia wanasoma kwa sauti moja mpaka mtaa mzima unajua wamefika sura gani. Saivi kimya. Nikamuuliza, akasema dada, wanafika magharibi inaadhiniwa, mtoto anasinzia na juzuu mkononi. Akajaribu kuwarekodia sauti wazazi kwenye WhatsApp, imesaidia kiasi, lakini akaniambia kitu kilichonifungua, anasema Kurani inasomwa kwa ulimi, herufi ina mahali pake pa kutokea, sasa simu itamsomea mtoto vizuri sana ila mtoto akikosea simu haimsikii. Mwalimu ndo anamsikia. Nimelibeba hilo neno mpaka kwangu, kwa sababu hata kwetu ambao hatuna tajwidi, yani kanuni za kuitamka Kurani, kuna kukosea ambako lazima mtu akusikie.

Mfano ni huu. Kwenye wale watoto saba kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, mpole sana. Siku moja nafundisha uumbaji akanyoosha mkono akasema, mwalimu, nimeona vidio inasema dunia ilianza kwa mlipuko mkubwa na kwaiyo hakuna Mungu, sasa tunaamini kipi? Wenzake wakageuka kuniangalia. Mi nilivyokuwa na umri wake niliuliza swali la namna hiyohiyo, nikaambiwa mbele ya darasa zima kwamba hayo ni maswali ya shetani, nyamaza. Nikanyamaza, na nilikaa na lile swali na ile aibu miaka mingi, nikawa naenda kanisani kama mtu anayeficha kitu. Kwaiyo nikamwambia, mwanangu, sijui jibu lake vizuri, nipe wiki mbili. Nikatafuta. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia tunayesali naye, nikatafuta kwenye simu, bando liliisha mara tatu. Nikakuta kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kulieleza hilo wazo, kwenye maandiko yake ya 1927 na 1931, alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji anaitwa Georges Lemaître, padri anayesoma misa na mwanahisabati, na mwenyewe hakuona kama hesabu zake zinamfukuza Mungu wala hakutaka watu wazitumie kumthibitisha Mungu, aliona ni njia mbili na yeye anazipita zote. Niliporudi darasani na hiyo habari nilimuona yule kijana amekaa sawa kwenye benchi, macho yamebadilika. Alikuwa anataka kujua kama anaruhusiwa kuwa na akili na imani kwa pamoja. Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wawili kutoka huko tusheni.

Sasa nijiulize, kama angekuwa hana darasa la kuja? Ile vidio ingekuwa ndo mwalimu wake wa mwisho. Na hiyo bado ni nafuu, kuna vidio zingine mbaya zaidi. Binti mmoja wa miaka kumi na nne nilimuuliza imani ni nini, akajibu haraka kabisa ni kuunganishwa na madhabahu ya mtumishi na kutoa sadaka ya kujimaliza. Nikamuuliza umejifunza wapi, akasema kwenye simu ya mama, kila usiku wanaangalia wote. Baadae nikajua mama yake alishatuma kwa simu hela ya kodi ya nyumba, miezi mitatu, kwa mtu wa mbali ambaye hawajawahi kuonana naye ana kwa ana, wakafukuzwa chumba. Huyu mama ni mchapakazi, anaamka usiku kwenda kuchukua nyanya. Angekaa na watu wakasoma pamoja ule mstari anaotajiwa, wakasoma na ulio juu yake na ulio chini yake, asingeipoteza ile hela. Teknolojia ya kutuma hela ni nzuri, mi mwenyewe inaniokoa kila siku kwenye biashara, ila imemletea mtu asiye na mafundisho mhubiri wa kila namna mpaka kitandani, saa sita usiku, akiwa peke yake na shida zake.

Na kuna jambo linaniumiza kulitaja ila ni la kwetu nyanda za juu. Kumbukeni Njombe mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto wadogo waliokotwa wameuawa wamekatwa viungo, na ikasemwa wazi kwamba nyuma yake kuna imani za kupata utajiri. Ule sio ujinga wa zamani uliobaki porini. Ni tamaa ya sasa, ya gari na nyumba na biashara, iliyokutana na mioyo ambayo hakuna aliyekaa nayo ikafundishwa kwamba mtoto wa jirani ni mfano wa Mungu. Tulidhani barabara ya lami na simu vikifika, giza litakimbia lenyewe. Lami imefika, shule zimeongezeka kila kata, na giza lilipata usafiri. Nililia sana siku zile, wanangu wadogo nilikuwa nawasindikiza hadi mlangoni mwa darasa.

Najua mtu atasema mwalimu unataka turudi kwenye kibatari. Hapana. Kwenye darasa la kipaimara tunafundisha historia ya kanisa letu, na ndani yake yupo askofu wetu mmoja wa zamani, Comenius, aliyezaliwa Moravia, ambayo leo iko Jamhuri ya Czech, 1592, alifukuzwa nchini kwake kwa ajili ya imani, akawa mkimbizi maisha yake yote. Huyu 1658 alitoa kitabu cha watoto chenye picha kila somo, kila kitu cha duniani kimechorwa na jina lake, kwa sababu aliona mtoto akipigwa viboko akariri asichokiona hajifunzi. Wakati ule kitabu cha picha kwa mtoto kilikuwa kipya kama simu ilivyokuwa kwetu. Hakukimbia kipya, alikishika akakifanyia kazi.

Na wewe Mhariri hii ya pili itakufurahisha kwa sababu ni ya mhariri mwenzako. Hii shule ya Jumapili tunayoiona kama ilikuwepo tangu Mitume, ilienea duniani kwa kazi ya mtu wa magazeti, Robert Raikes wa mji wa Gloucester Uingereza. Ilikuwa 1780, viwanda vimeanza kupamba moto, watoto wa maskini wanafanya kazi siku sita kwa wiki, wengine viwanda vya pini, siku yao ya pekee ni Jumapili na siku hiyo wanazurura tu mitaani wanatukanana. Raikes akatafuta akina mama wa kuwafundisha akawalipa, nisome vizuri hapo, akawalipa, wakawa wanawafundisha kusoma na katekisimu siku ileile waliyokuwa huru. 1783 akaandika habari yake kwenye gazeti lake na ikasambaa nchi nzima. Yani maendeleo yalichukua siku sita za mtoto, na watu wa imani wakaitafuta ile moja iliyobaki. Hawakukaa kulalamika kwamba watoto hawaji Jumanne.

Nilivyoisoma hiyo nilijiona kabisa. Mi nilikuwa nimekaa na chaki yangu Jumamosi saa tatu nawalaumu watoto hawaji, kumbe Jumamosi saa tatu watoto hawapo tena. Kwaiyo tukakaa na mchungaji na baraza la wazee, haikuwa rahisi, mzee mmoja alisema Jumamosi ni desturi tangu akiwa kijana na nikaheshimu, lakini mwisho wakakubali. Darasa tukalihamishia Jumapili baada ya ibada ya pili, saa saba mpaka saa tisa na nusu, na kwa sababu saa hizo watoto wana njaa tukaanza kupika kande, akina mama wanapokezana, kila familia inaleta kikombe cha mahindi au maharage. Tunakula kwanza alafu tunasoma. Jumatano usiku natuma kwenye grupu la wazazi sauti yangu ya dakika tatu, hadithi moja na swali moja, na mzazi anatakiwa amuulize mtoto mezani, yani ile ndizi ya ziada ya bibi nimeiweka kwenye simu. Mlangoni kuna kopo la maziwa ya unga limetobolewa juu, mtoto anaandika swali lolote bila jina anadumbukiza. Mwezi wa nane tulikuwa 29. Mwezi wa kumi 33. Walioko bweni bado tumewakosa na hilo sijapata dawa yake.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwa watu watatu ambao najua wanasoma gazeti hili.

Kwanza viongozi wetu wa dini, wa makanisa yote na misikiti. Walimu wa watoto hawana fungu. Naongea na wenzangu wa Iringa, wa Makambako, wa Tukuyu, ni kilio kilekile. Tunanunua spika za milioni kadhaa, tunachangia gari, tunajenga jukwaa la marumaru, na mwalimu wa watoto chaki anajinunulia, daftari la mahudhurio anaomba kwa wanae. Semina moja kwa mwaka, siku mbili, na nauli yako. Na yule ndo tunataka amjibu mtoto aliyeangalia vidio 100 kwa wiki. Siombi mshahara kwa ajili yangu, mchele na viazi vinanitosha. Naomba walimu wafundishwe, wapewe vitabu, wapewe hata bando la kutafutia majibu, na yule kijana au binti mwenye kipawa asiache kwa sababu ya nauli. Raikes alilijua hilo miaka zaidi ya 240 iliyopita.

Pili wenye shule na walimu wakuu, hasa za binafsi. Kile kipindi cha dini kilichoko kwenye ratiba kiacheni kiwe cha dini, tuambieni saa tutakuja, kila dini na mwalimu wake kama ilivyokuwa. Na kambi za mitihani mtoto apumzishwe walau Jumapili nzima na Ijumaa mchana kwa Waislamu. Mtoto aliyepumzika na aliyetulia moyo hafeli kwa ajili ya saa mbili.

Tatu wazazi wenzangu, na hapa naongea kama mmoja wenu mana nimeshakiri nilivyofanya. Mimi na ustadhi wote wawili hatuwezi kuziba pengo la jioni nyumbani kwenu. Dakika kumi. Televisheni izimwe, simu ziwekwe juu ya kabati, someni mstari mmoja au aya moja, muulizeni mtoto anaelewaje, na akiuliza usilolijua mwambie silijui tutafute. Mtoto wangu wa mwisho tulipoanza hivi alidhani kuna msiba, anauliza mama kwani nani amefariki, mbona tumekaa wote? Nilijisikia vibaya jamani.

Nimalizie hapa Mhariri, wateja wa jioni wanaanza kuja. Jumapili iliyopita nilifungua lile kopo nikakuta karatasi imekunjwa mara nyingi sana, mwandiko wa mtoto mdogo, imeandikwa kwa nini Mungu hakumponya mdogo wangu na sisi tuliomba wote. Kwenye simu majibu ya hilo yapo mengi, nimeyasoma mengine usiku, hakuna hata moja ninaloweza kumsomea mtoto. Nimeongea na mchungaji, Jumapili hii atakuja kukaa na sisi kwenye kande, na nimewaomba wale akina mama wawili waliozika watoto wao na bado wapo kanisani nao waje wakae, tutaanza na hilo swali na hatutakuwa na haraka.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa kipaimara,
Uyole, Mbeya